Neno Ngoma: Asili Yake, Maana Zake, na Ufalme wa Mungu



Katika vijiji vyetu, toka Luvungi na Sange mpaka Uvira, na toka Makobola mpaka Mboko na Baraka, wakristu wapya huuliza mara nyingi swali moja: Je, mtu aliyebatizwa aweza kupiga ngoma? Wako waliokwisha kujijibu wenyewe. Mmoja ameichoma moto ngoma ya babu yake, akidhani kwamba ameuteketeza ushetani wote pamoja na mti ule na ngozi ile. Mwingine huipiga ngoma kanisani asubuhi, na usiku huipeleka penye mambo aliyoyakana siku ya ubatizo wake, akisema kwamba ngoma ni ngoma tu. Wote wawili wameiacha njia, kila mmoja kwa upande wake, na sababu ni moja: hawakulichungua neno lenyewe. Basi katika somo la leo tulichukue neno hili dogo mikononi, tuligeuze huku na huku, tuone limetoka wapi, limebeba nini, nalo latufundisha nini juu ya ufalme wa Mungu tunaouomba kila siku.

1. Neno lililosafiri pamoja na watu

Tazameni kwanza jinsi neno hili lilivyoenea. Mswahili wa pwani asema ngoma. Mrundi na Mnyarwanda wasema ingoma. Mshi asema engoma, na Munyankole wa Uganda vilevile. Mkongo anayekaa karibu na bahari ya magharibi asema ngoma, na Mshona wa Zimbabwe asema ngoma. Mzulu wa Afrika ya Kusini asema ingoma. Tofauti ni ile sauti ndogo ya mbele tu, ambayo lugha nyingine huiweka na nyingine huiacha. Mwili wa neno ni mmoja.

Watu hawa hawakuwahi kuwa na soko moja, wala mfalme mmoja, wala shule moja. Imekuwaje basi wawe na neno moja? Wenye elimu ya lugha hutujibu kwamba hawakuazimana, bali wamerithi. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek alizikusanya lugha hizi chini ya jina moja la Bantu, kwa sababu aliona kwamba zafanana kama watoto wa mama mmoja. Karibu miaka mia baadaye, kati ya 1967 na 1971, Mwingereza Malcolm Guthrie alitoa vitabu vinne vya kulinganisha maneno ya lugha hizo, neno kwa neno. Kwa kazi ya watu kama hao imejulikana kwamba wakale wa lugha zetu walikaa upande wa mpaka wa Kameruni na Nijeria wa leo. Huko walianza kutoka, kidogo kidogo, yapata miaka elfu nne au elfu tano iliyopita, wakafuata mito na misitu, kizazi kwa kizazi, mpaka wakafika kwenye maziwa yetu na hata mwisho wa kusini wa bara hili.

Mtu anayehama hachukui vyote. Huchukua mbegu, moto, chungu, na watoto. Na maneno huyachukua bila kuona uzito wake. Neno ngoma lilikuwa katika mzigo huo wa kale. Wazee wa Wafuliiru, wa Wavira, wa Warundi na wa Washi walikuwa nalo midomoni kabla ya kugawanyika na kuitwa kwa majina hayo. Shikeni jambo hili vizuri, kwa maana tutalihitaji mwisho wa somo.

Neno hili lilivuka hata bahari, lakini kwa njia ya machozi. Watu waliokamatwa katika Kongo na Angola wakauzwa utumwani huko Amerika walinyang'anywa kila kitu: nguo, majina, watoto. Neno hawakunyang'anywa. Katika nchi ya Brazili, wajukuu wa watumwa wachezao mchezo uitwao jongo wangali wanaita ngoma zao angoma, na katika kisiwa cha Kuba neno ngoma lingali latajwa. Tajiri aweza kumnunua mtu, lakini lile ambalo Mungu amelitia ndani ya moyo wake halimo katika bei.

2. Maana nne za neno moja

Neno likisafiri miaka mingi namna hiyo, huzaa maana. Tunaweza kuzihesabu maana nne kubwa za neno ngoma.

Maana ya kwanza ni chombo chenyewe: mti uliochongwa ukawa na tundu ndani, ukafunikwa ngozi. Hii ndiyo maana anayoijua hata mtoto. Warundi wana mti ambao huchonga ngoma zao kwa huo, nao huuita umuvugangoma, yaani mti unaozifanya ngoma ziseme. Mti wasimama porini kimya miaka mingi, na jina lake tayari latangaza kazi itakayokuja.

Maana ya pili ni mchezo na mkutano. Mswahili husema watu wamekwenda ngomani, wala hana maana kwamba wameingia ndani ya mti. Maana yake wamekusanyika wacheze na kuimba. Husema pia kwamba ngoma ya watoto haikeshi, naye anasema juu ya mambo yasiyo na wakubwa wa kuyaongoza. Katika nchi yetu maana hii iliendelea hata mjini. Mwaka 1948, huko Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianza kutoa sahani za nyimbo, akazipa jina Ngoma. Hakutafuta jina la Kizungu. Alijua kwamba Mkongomani yeyote akilisikia jina hilo, miguu yake itaelewa.

Maana ya tatu ni mambo ya siri na ya uganga. Watsonga wa Msumbiji na wa Afrika ya Kusini huita jando lao ngoma. Wazulu wana mpiga ramli aitwaye isangoma, na ndani ya jina lake neno letu lasikika. Huko pwani ya Waswahili wapo wapigao ngoma za pepo, wakidhani kwamba mgonjwa ataachiliwa pepo wake akipigiwa mapigo fulani na kutolewa sadaka fulani. Kandokando ya ziwa letu nako mambo ya namna hiyo hayakukosekana. Maana hii ya tatu ndiyo iliyowatia mapadri wa kwanza hofu, kama tutakavyoona.

Maana ya nne ni ya ajabu kuliko zote, nayo yapatikana hasa katika nchi za maziwa makuu: ngoma maana yake enzi, utawala, ufalme. Hiyo tuichungue kwa utulivu.

3. Jinsi ngoma ilivyokuwa enzi

Katika Kirundi na Kinyarwanda, ukitaka kusema «wakati wa utawala wa fulani», wasema wakati wa ingoma yake. Mfalme mpya hasemwi tu kwamba ameketi kitini. Mnyarwanda husema kwa maneno kwima ingoma, yaani kutawazwa juu ya ngoma. Munyankole husema okurya engoma, kula ngoma, na maana yake ni kuupokea ufalme. Katika nchi ya Ankole ngoma kuu ya ufalme iliitwa Bagyendanwa. Katika Rwanda iliitwa Kalinga, nayo ilipambwa kwa nyara za maadui waliouawa vitani. Katika Burundi iliitwa Karyenda.

Mbona ngoma, wala si mkuki au kiti? Fikirini juu ya vilima vya Burundi. Hakukuwa na barua, wala simu, wala gazeti. Mfalme alijulikana kuwa yupo kwa sauti. Ngoma zilipolia, watu wa kilima hiki walisikia, na wa kilima cha pili wakapokea. Pale iliposikika sauti, ndipo enzi ilipofika. Mfalme akifa, ngoma hunyamaza. Mfalme mpya akitokea, ngoma hulia tena. Basi watu hawakutenga sauti na utawala, wakaviita kwa neno moja.

Tena ngoma hiyo haikuwa ya vita peke yake. Kila mwaka, upata mwezi wa Desemba, Warundi walifanya sikukuu ya umuganuro. Mfalme alionja unga wa mtama, Karyenda ikatolewa, ngoma zikapigwa, na watu wakajua kwamba wakati wa kupanda mtama umefunguliwa. Sikukuu hiyo ilikoma wakati wa utawala wa Wabelgiji. Na ukiwauliza wapigaji wa ngoma majina ya sehemu zake, utasikia majina ya mwili wa mama: amabere, yaani matiti, inda, yaani tumbo, umukondo, yaani kitovu, na urugori, taji avaalo mwanamke aliyezaa. Basi kwa wazee hao enzi iliyo njema ilifanana na mama: hubeba, huzaa, hunyonyesha. Je, mapagani hao hawakuona jambo la kweli, ingawa waliliona gizani?

Lakini enzi za wanadamu huisha. Katika Rwanda utawala wa wafalme uliondolewa mwaka 1961. Katika Burundi mfalme wa mwisho, Ntare wa tano, aliondolewa tarehe 28 Novemba 1966. Ngoma zilibaki, na wapigaji walibaki. Huko Gishora, karibu na Gitega, palipokuwa na makao ya mfalme Mwezi Gisabo, vijana wangali wanazipiga wakisimama nusu duara, na ngoma moja katikati ikiongoza. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuandika mchezo huo kati ya urithi wa watu wa ulimwengu. Mfalme ameondoka, neno lake limebaki. Waswahili walikwisha kutuonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

4. Maneno yalipokutana ziwani

Huku kwetu, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, maana hizi mbalimbali zilikutana uso kwa uso. Misafara ya watu wa pwani ilifika Ujiji ikitafuta pembe na watumwa, ikavuka maji kwa mitumbwi. Waingereza Burton na Speke, waliokuja na msafara wa namna hiyo, walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858. Livingstone na Stanley waliizunguka ncha hii ya ziwa mwaka 1871, wakahakikisha kwamba mto Ruzizi huingia ziwani, wala hautoki. Pamoja na misafara hiyo ilikuja lugha ya Kiswahili, tunayoitumia leo katika somo hili.

Waswahili walipotaja chumvi, au nguo, au bunduki, ilikuwa lazima wenyeji wajifunze maneno mengi mageni. Lakini waliposema ngoma, hapakuhitajiwa mkalimani. Kila mtu alidhani amesikia. Na hapo ndipo hatari ilipo, ndugu zetu: neno usilolijua hukufanya uulize, bali neno unalolijua hukufanya usiulize. Mtu wa pwani alisema ngoma, akifikiri mchezo wa usiku mmoja. Mrundi alisikia ngoma, akafikiri enzi ya mababu zake. Walitumia neno moja, na kila mmoja alikaa katika nyumba yake.

Nyakati hizo hazikuwa nyakati za amani. Watu walikamatwa kandokando ya ziwa, wakafungwa minyororo, wakapelekwa Ujiji na mbele yake. Ndipo walipofika Mapadri Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie. Mwaka 1879 walianza misioni ya Rumonge, ng'ambo ya pili katika Burundi, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wao wakauawa huko. Wenzao waliendelea upande huu wetu wa magharibi, na mwaka 1883 wakajenga Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Katika kijiji cha namna hiyo walikaa watu wa makabila mengi, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili kikawa lugha ya sala kwa sababu hakikuwa lugha ya kabila moja kati yao.

5. Kanisa na ngoma

Sasa tuje kwa swali letu. Mapadri wa kwanza walisikia ngoma usiku. Asubuhi waliambiwa kwamba usiku ule pepo walitajwa, sadaka zilitolewa kwa mizimu, pombe ilinywewa, na watu waliapa viapo vya siri. Katika misioni nyingi za Afrika walitoa amri: ngoma isiingie kanisani. Tusiwahukumu upesi. Mkulima anayeona magugu shambani huogopa, na mara nyingine hung'oa pamoja na mbegu. Walisikia maana ya tatu, nao hawakuwa bado wamejifunza maana ya nne.

Lakini Kanisa ni mama anayesikiliza. Tarehe 25 Desemba 1955 Baba Mtakatifu Pio wa kumi na mbili aliandika barua juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake aliwakumbusha wamisionari kwamba mataifa mengi hupenda sana nyimbo, na kwamba si busara kuudharau upendo huo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, sahani ya Misa iitwayo Missa Luba ilirekodiwa: katika Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa ameikusanya kwaya ya watoto na walimu, nao wakaimba maneno ya Kilatini kwa sauti na mapigo ya Kongo. Watu wa Ulaya walioisikia walishangaa. Wazee wetu walioisikia hawakushangaa; walisema tu kwamba imekuja nyumbani.

Ndipo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturjia takatifu. Mababa wa Mtaguso walisema mambo mawili yanayotuhusu sisi. La kwanza: katika nchi za misioni wako watu wenye muziki wao wenyewe, ulio na nafasi kubwa katika dini na maisha yao, nao upewe heshima ipasayo. La pili: kinanda cha filimbi kina heshima kuu katika Kanisa la Kilatini, lakini vyombo vingine vyaweza kuingia katika ibada, kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa wa mahali, ikiwa vyafaa kwa matumizi matakatifu au vyaweza kufanywa vifae. Angalieni neno hilo: vyaweza kufanywa vifae. Chombo nacho chaweza kuongoka, kama mtu anavyoongoka.

Maaskofu wa nchi yetu, na kati yao Kardinali Malula wa Kinshasa, waliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Na tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa taratibu hiyo ya Kongo katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Hata hivyo jambo hili si geni kwa watu wa Mungu. Someni katika Agano la Kale: Miriamu alishika tari walipovuka bahari, mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na Zaburi ya mwisho yawaalika watu wamsifu Mungu kwa matari, kwa michezo na kwa vyombo vya kila namna.

6. Kipimo cha mkristu

Basi twajibu swali lililoulizwa mwanzoni. Ngoma, kwa maana ya kwanza, ni mti na ngozi, viumbe vya Mungu. Haina dhambi ndani yake, kama kisu kisivyo na dhambi ndani yake. Anayeichoma moto hakumfukuza shetani. Amepoteza mti mzuri tu. Shetani hakai ndani ya mti uliotobolewa, hukaa ndani ya moyo uliomfungulia.

Lakini anayesema ngoma ni ngoma tu, naye hakusema kweli, kwa kuwa tumeona kwamba neno hili lina maana nne, na mtu akiipiga ngoma huchagua mojawapo. Akiipiga ili watu wapumzike baada ya kazi, wafurahi kwa adabu na kurudi nyumbani mapema, ni halali. Akiipiga kumwita pepo juu ya mgonjwa, amevunja amri ya kwanza, hata kama ngoma ile ndiyo iliyolia kanisani Dominika iliyopita. Akiipiga mbele ya altare ili jina la Bwana litukuzwe, amefanya ibada. Mkono ni mmoja, na ngozi ni moja. Uulize moyo: unamwita nani?

Wazazi nao wasikilize. Msiwaambie watoto kwamba mambo yote ya wazee yalikuwa ya shetani. Mkisema hivyo, mtoto akikua atachagua kati ya Mungu na babu yake, nanyi mtakuwa mmemlazimisha uchaguzi ambao Mungu hakuutaka. Mwambieni ukweli: hili tumeliacha kwa sababu lilimnyima Mungu heshima, na hili tumelishika kwa sababu lilikuwa jema, na jema lote latoka kwake.

7. Ngoma hii ni ya nani?

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Ikiwa ngoma maana yake enzi, watu huuliza mara moja: enzi ya nani? Swali hilo limemwaga damu katika nchi yetu. Kiti cha utawala wa uwanda wa Ruzizi kimegombaniwa miaka mingi, na chuki kati ya majirani imetiwa mafuta na watu wasiolala huku. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, wake kwa waume na watoto. Waliouawa na waliolia juu yao, waliowazika na waliosikia habari mbali, wote walikuwa na neno moja la ngoma, walilorithi kwa wakale wale wale. Neno linatushuhudia, ndugu zetu. Tulikuwa nyumba moja kabla ya kuwa vilima vingi.

Sasa sikilizeni jambo la kufurahisha. Wanyarwanda walipotafsiriwa Sala ya Bwana, mahali petu tunaposema ufalme, waliweka neno ingoma. Wao humwomba Baba kwamba ngoma yake ienee mahali pote. Katika lugha nyingi ufalme huitwa kwa jina la mtu anayetawala: Mswahili kutoka mfalme apata ufalme, na Mfuliiru kutoka mwami apata ubwami. Lakini wao wameuita kwa kitu kinachosikika. Nasi twaweza kujifunza kwao, kwa sababu ufalme wa Mungu ulikuja hivyo hivyo. Haukuja kwa jeshi. Ulikuja kwa sauti: sauti ya Yohane jangwani, sauti ya Yezu kando ya ziwa la Galilaya, na kisha sauti ya Mitume mpaka miisho ya dunia. Kila anayeisikia na kuipokea amekwisha kuingia katika enzi hiyo, awe wa kilima hiki au kile.

Mwaka 1946 mfalme Mutara Rudahigwa wa Rwanda, aliyebatizwa mwaka 1943, aliiweka nchi yake chini ya Kristu Mfalme. Alikuwa mwenye Kalinga, ngoma iliyopambwa kwa nyara za waliouawa. Kristu Mfalme naye ana alama za enzi, lakini si nyara za maadui zake. Ni majeraha yake mwenyewe. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya enzi zote za dunia na enzi yake: wao huzipamba ngoma zao kwa damu ya wengine, yeye ameimwaga damu yake kwa ajili ya wengine.

Na katika jimbo letu la Uvira, lililoundwa mwaka 1962, sauti hiyo imepata mashahidi. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Ndugu Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa katika Baraka, na siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert wakauawa katika Fizi. Watatu walikuwa Wasaveri kutoka Italia, na wa nne padri mzaliwa wa Kongo. Mgeni na mwenyeji walikufa siku moja kwa ajili ya Mfalme mmoja. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri. Waliowapiga risasi walidhani wamenyamazisha sauti. Karibu miaka 60 ilipita, na sauti ikasikika kandokando ya ziwa lote.

Basi, ndugu wapenzi, mkisikia ngoma Dominika ijayo, msisikie mti na ngozi tu. Kumbukeni wakale waliolibeba neno hili kwa miguu, na watumwa waliolivusha bahari wakiwa wamefungwa. Kumbukeni wafalme waliopita. Kisha ulizeni mioyoni mwenu: enzi hii inayolia, mimi nimo ndani yake, au nasikia tu kutoka mbali? Na jirani yangu wa kabila jingine, aliyesimama karibu nami akicheza kwa pigo lile lile, nitamsalimu tukitoka nje?

Maswali ya somo

Ulizo: Neno ngoma lina maana ngapi kubwa?
Jibu: Lina maana nne: chombo, mchezo, mambo ya uganga na ya siri, na enzi.

Ulizo: Je, mkristu aweza kupiga ngoma?
Jibu: Aweza, ikiwa aipiga kwa kumsifu Mungu au kwa furaha yenye adabu. Kuipiga kwa kuita pepo au kuabudu mizimu ni kuvunja amri ya kwanza.

Ulizo: Tunaomba nini tunapomwomba Baba ufalme wake ufike?
Jibu: Tunaomba sauti yake isikike na kupokewa na watu wote, tuache enzi za chuki na kukaa chini ya enzi ya Kristu.

Ulizo: Neno moja katika lugha nyingi latufundisha nini?
Jibu: Latufundisha kwamba sisi tu ndugu tangu kale, na kwamba Baba yetu ni mmoja.